Atomu Zilezile, Mpangilio Mwingine: Bati, Mkaa na Chuma katika Nyanda za Njombe

Katika miezi ya Juni na Julai, joto la usiku Njombe mjini hushuka kwa urahisi chini ya nyuzi 13, na upande wa Makete, kwenye uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, baridi huweza kufikia kiwango cha kugandisha maji na kuacha sakitu juu ya majani. Kwa mkulima wa viazi baridi hiyo ni habari ya mazao. Kwa mwanakemia ni habari ya bati. Bati linalozungumziwa hapa ni lile linalochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, na wala si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati hilo likiwa safi huwa metali nyeupe, yenye kung'aa na kukunjika bila kuvunjika, lakini hali hiyo ndiyo iliyo tulivu pale tu joto linapozidi nyuzi 13.2. Chini ya hapo, hali iliyo tulivu zaidi ni nyingine kabisa: kitu cha kijivu kisicho na tabia za metali, chepesi kuliko kile cha kwanza kiasi kwamba kipande kinapogeuka hutanuka kwa zaidi ya robo ya ujazo wake na kumeguka kuwa unga.

Badiliko hilo si kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na kwa hiyo ni kitu kipya chenye elementi zaidi ya moja, ilhali unga wa kijivu wa bati una bati peke yake, na ukiyeyushwa pasipo hewa hutoa metali ileile nyeupe. Elementi, kwa maana ya kikemia, ni maada iliyojengwa kwa atomu za aina moja tu, na aina hiyo huamuliwa na idadi ya protoni zilizomo katika kiini cha atomu: kaboni ina protoni 6, chuma 26, bati 50, na hakuna moto wa tanuri wala baridi ya Kitulo inayoweza kuibadili idadi hiyo. Kinachoweza kubadilika ni namna atomu zinavyopangana na kushikamana. Elementi moja inapokuwa na mipangilio zaidi ya moja katika hali ileile ya yabisi, kimiminika au gesi, maumbo hayo huitwa alotropi, jina lililopendekezwa mwaka 1841 na mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius.

Mbao za paini zinazopakiwa kwenye malori Makambako zinaweza kulazwa moja juu ya nyingine katika rundo ambalo mtu huvuta ubao mmoja bila kuzigusa nyingine, au zinaweza kupigiliwa pembe kwa pembe zikawa kenchi linalobeba paa la darasa. Mti ni uleule, uimara haufanani. Atomu hazina misumari, hata hivyo. Hushikana kwa kushirikiana elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi zinazokizunguka kiini, na idadi ya jirani ambao kila atomu imeshikana nao, pamoja na pembe wanazokaa, ndiyo huamua kama kitu kitakuwa kigumu au laini, cheusi au kiangavu, chenye kupitisha umeme au kuuzuia.

Elementi inayotajwa kwanza shuleni katika somo hili ni kaboni, na Tanzania imejaliwa kuwa nayo katika sura zake zote kuu. Mkaa unaouzwa kwa gunia kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Songea mara nyingi hutokana na miti ya miwati, ambayo imeenea Njombe kwa sababu ya kilimo cha magome yenye tanini, dawa ya kulainishia ngozi, kazi iliyofanywa na kampuni ya TANWAT tangu mwaka 1949. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, huwashwa na kuachwa yavukute kwa siku kadhaa. Kwa kuwa hewa inayoingia ni kidogo, mti hauishi kwa kuungua, bali hupoteza maji na gesi zake na kubakiza kaboni pamoja na majivu kidogo. Kipande cha mkaa kikikatwa na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana bado kina vijitundu vilevile vilivyokuwa vikipitisha maji kutoka mizizini. Atomu zake zimeshikana katika vipande vidogo mno vya matabaka ya pembe sita, vilivyorundikana ovyo bila utaratibu wa kwenda mbali, na ni vurugu hiyo, pamoja na wingi wa vitundu, inayoufanya mkaa ushike moto upesi.

Matabaka hayohayo yakipangika sawasawa, moja juu ya jingine kwa mamilioni, mkaa hauitwi mkaa tena. Huitwa kinywe, madini yanayochimbwa au kutafutwa Mahenge, Lindi na Mererani, na ndiyo yanayoandika ndani ya penseli. Katika kinywe kila atomu ya kaboni imeshikana na jirani watatu, na umbali kati ya atomu na jirani yake ni nanomita 0.142, nanomita moja ikiwa sehemu ya bilioni ya mita. Lakini umbali kutoka tabaka moja hadi jingine ni nanomita 0.335, zaidi ya mara mbili, na kani inayoyashika matabaka hayo pamoja ni dhaifu. Ndiyo maana kinywe huteleza, huacha alama kwenye karatasi, na huwatoa wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani shimoni wakiwa weusi wanaong'aa, kwa kuwa tanzanaiti hupatikana ndani ya miamba iliyojaa kinywe. Kila atomu, baada ya kushikana na jirani watatu, hubaki na elektroni moja isiyofungwa mahali pamoja, na elektroni hizo hupitisha umeme kandokando ya tabaka. Kazi ya kinywe katika betri za simu na za magari inatokana na hilo, pamoja na nafasi iliyopo kati ya matabaka, ambamo litiamu huingia wakati wa kuchaji na kutoka wakati wa kutumia.

Almasi ni kaboni ambayo kila atomu yake imeshikana na jirani wanne, wote kwa nguvu sawa na kwa umbali sawa wa nanomita 0.154, katika mtandao usio na tabaka wala upande dhaifu wa kuteleza. Haina elektroni ya ziada ya kupitisha umeme wala ya kumeza mwanga, na kwa hiyo huwa angavu. Lakini kwa kupitisha joto huishinda shaba karibu mara tano, jambo ambalo wengi hawalitarajii kutoka kwa jiwe. Inayojulikana kuliko zote nchini ilitoka Mwadui, Shinyanga, katika mgodi uliogunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson: jiwe la waridi la karati 54.5, lililopatikana mwaka 1947 na kuzawadiwa Elizabeth wa Uingereza mwaka wa ndoa yake, kisha likachongwa na kubaki karati 23.6.

Kwamba jiwe kama hilo na gunia la mkaa ni kitu kimoja halikuwa jambo la kuaminika kwa urahisi, na wanasayansi walilazimika kuliunguza ili walithibitishe. Antoine Lavoisier, jijini Paris mwaka 1772, alikusanya mwanga wa jua kwa lenzi kubwa akaichoma almasi ndani ya chombo cha kioo, naye akapata hewa ya ukaa. Miaka 25 baadaye, mwaka 1797, Mwingereza Smithson Tennant alipima uzito, na hapo ndipo hoja ilipofungwa: almasi na mkaa vya uzito sawa vilitoa hewa ya ukaa ya kiasi kilekile. Kama almasi ingekuwa na elementi nyingine yoyote iliyofichika ndani yake, mizani ingeionyesha.

Swali gumu zaidi ni kwa nini almasi ya Mwadui haijageuka kuwa kinywe. Juu ya uso wa dunia, umbo tulivu la kaboni ni kinywe. Almasi ni tulivu tu kule ilikozaliwa, kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, ambako mgandamizo ni takribani mara 50,000 ya ule wa hewa tunayoipumua. Ilipandishwa na volkano za aina ya pekee zilizopenya miamba kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyoiokoa, kwa maana huko Beni Bousera, kaskazini mwa Moroko, miamba iliyopanda polepole ikiwa bado na joto ilileta juu vipande vyenye umbo la nje la almasi, lenye nyuso zote nane, ambavyo ndani ni kinywe kitupu. Almasi iliyokwisha kupoa haiwezi kurudi nyuma, kwa kuwa ili ibadilike ni lazima vifungo vyake vivunjwe kwanza, na nguvu ya kuvivunja haipatikani katika joto la kawaida. Ikipashwa moto pasipo hewa hadi zaidi ya nyuzi 1,500, huanza kugeuka kinywe.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la bati la Njombe. Usiku wa Julai huiruhusu metali nyeupe kugeuka unga wa kijivu, lakini ruhusa peke yake haitoshi. Atomu zinahitaji msukumo wa kuhama, na kadiri baridi inavyokaribia nyuzi 13.2 ndivyo sababu ya kuhama inavyokuwa ndogo. Kasi kubwa hupatikana kwenye baridi kali ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, ambayo Kitulo haiijui. Zaidi ya hayo, risasi ikichanganywa na bati huzuia badiliko, na waya wa kulehemu ambao mafundi redio wameutumia kwa miaka mingi ni mchanganyiko huo. Tatizo limeanza kujadiliwa upya tangu viwanda vilipoanza kuacha risasi kwa ajili ya afya na kutumia lehemu iliyo karibu bati tupu. Inastahili kutajwa kwamba mpangilio wa atomu katika bati la kijivu ni uleule wa almasi, kila moja na jirani wanne. Mpangilio peke yake, basi, haufanyi kitu kiwe kigumu: kifungo cha bati ni kirefu na hafifu, cha kaboni ni kifupi na chenye nguvu.

Kaboni ina maumbo mengine, yakiwemo yale yenye atomu 60 zilizojifunga kama tufe, yaliyogunduliwa mwaka 1985, na tabaka moja tu la kinywe lililobanduliwa kwa utepe wa gundi huko Manchester mwaka 2004 na kuwapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Oksijeni nayo huwa na atomu mbili katika hewa ya kupumua na tatu katika ozoni. Fosforasi ina umbo jeupe, lenye sumu na linalojiwasha lenyewe hewani kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, na umbo jekundu lililo salama, ambalo ndilo linalopakwa ubavuni mwa kisanduku cha kiberiti cha kawaida. Mkataba wa Bern wa mwaka 1906 ulipiga marufuku viberiti vya fosforasi nyeupe kwa sababu vilikuwa vikiozesha mifupa ya taya za wafanyakazi wa viwandani.

Pamoja na umaarufu wa almasi, elementi ambayo mkoa wa Njombe una haki zaidi ya kuitolea mfano ni chuma. Wapangwa wa Ludewa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo kwa mkaa na mivukuto muda mrefu kabla ya majembe ya dukani. Kwa kweli kuyeyusha si neno sahihi, kwa sababu joto la matanuri hayo halikufikia nyuzi 1,538 zinazohitajika ili chuma safi kiwe kimiminika. Kilichotokea ni kwamba mkaa uliowaka kwa hewa haba ulitoa gesi ya kaboni monoksaidi, gesi hiyo ikalinyang'anya jiwe oksijeni yake, uchafu ukatiririka kama mavi ya chuma, na metali ikabaki katika donge lenye matundu lililopaswa kupigwa nyundo likiwa jekundu ili lishikamane. Gesi hiyohiyo, isiyo na harufu, ndiyo huwaua wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi, kwa kuwa hunyang'anya damu nafasi yake ya kubeba oksijeni.

Ndani ya donge hilo chuma kilikuwa katika alotropi ambayo hakuna mtu aliyepata kuishika kwa mkono. Katika joto la kawaida, atomu za chuma hukaa kwenye pembe nane za mchemraba na moja katikati yake. Joto linapofika nyuzi 912 mchemraba huo huvunjika na kupangwa upya, safari hii atomu zikikaa kwenye pembe na katikati ya kila uso, mpangilio ulioshikana zaidi. Na kwa hiyo chuma, ambacho kama vitu vingine vingi hutanuka kinapopashwa moto, hapo hupungua ghafla. Kwenye nyuzi 1,394 hurudia mpangilio wa kwanza, na huo hudumu mpaka kinapoyeyuka. Mfaransa Floris Osmond, katika miaka ya 1880, alifuatilia kwa kipimajoto cha umeme namna chuma kinavyopoa, akaona kwamba joto halishuki mfululizo, bali husita mahali maalumu, kwa sababu atomu zinapojipanga upya hutoa joto lake lenyewe.

Faida ya badiliko hilo huonekana kaboni inapoingia. Mpangilio wa juu ya nyuzi 912, ingawa umeshikana zaidi kwa ujumla, una nafasi chache zilizo kubwa kuliko zile za mpangilio wa chini, na atomu ndogo ya kaboni hujibanza humo: chuma cha moto cha aina hiyo huweza kubeba kaboni hadi karibu sehemu 2 kwa mia za uzito wake, ilhali cha baridi hakiwezi kubeba hata sehemu 3 kwa elfu kumi. Mhunzi anayefua kisu kutokana na springi ya lori, malighafi isiyokosekana katika mji wa njia panda kama Makambako, hukitia motoni mpaka kigeuke rangi ya chungwa, hukiunda, kisha hukizamisha makali yake katika maji au oili. Sauti ya mfoko na wingu la mvuke hudumu sekunde chache, na katika muda huo chuma hulazimika kurudia mpangilio wa baridi huku kaboni ikikosa wakati wa kutoka. Atomu zake hunaswa ndani ya mchemraba usiokuwa na nafasi yao na kuuvuta upande mmoja, na mpangilio huo uliopindika ni mgumu kiasi cha kukata chuma kingine. Mgumu, lakini mwepesi kuvunjika kama chungu, ndiyo maana mhunzi mzoefu hukirudisha kisu motoni kwa joto dogo, akitazama rangi ya majani makavu ikitambaa kuelekea kwenye makali, ili kaboni kiasi ipate kutoka na ukakamavu upungue. Waya laini wa kufungia nondo, usio na kaboni ya kutosha, hata ukizamishwa siku nzima haupati ugumu wowote. Hauna cha kunasa.

Kikiachwa kipoe chenyewe hewani, chuma hichohicho hufuata njia nyingine. Kaboni hupata wakati wa kujitenga, na matokeo yake ni matabaka membamba mno ya chuma laini yaliyopishana na matabaka magumu ya chuma kilichoungana na kaboni. Reli hujengwa kwa mpangilio huo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi Makambako kwa kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote kwa wajenzi, chenye mahandaki na madaraja mfululizo. Kwenye kona na miinuko kama hiyo, gurudumu husugua chuma kwa uzito wa tani nyingi; reli iliyozamishwa maji kama kisu ingepasuka, na iliyo laini kama waya ingelika upesi.

Chuma ambacho kingeweza kufuliwa reli za namna hiyo kimelala Liganga wilayani Ludewa, si mbali na makaa ya mawe ya Mchuchuma, na makadirio yaliyotangazwa ni tani milioni 126 za mawe ya chuma na tani milioni 428 za makaa. Mkataba wa kuyachimba yote mawili ulisainiwa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina, na zaidi ya miaka kumi baadaye tanuri lilikuwa bado halijawashwa. Majadiliano ya kibiashara yana sehemu yake katika ucheleweshaji huo. Kwa upande wa kemia, mwamba wa Liganga una titani na vanadi pamoja na chuma, na titani huwapa shida wayeyushaji kwa kuyafanya mavi ya chuma yawe mazito na yasitiririke vizuri katika tanuri la kawaida.

Thamani ya mwamba huo, hata hivyo, imo pia katika hizo zinazoonekana kuwa taka. Titani ikishatenganishwa huwa metali nyepesi na imara, nayo hubadili mpangilio wa atomu zake kwenye nyuzi 882, pungufu ya nyuzi 30 tu kutoka kiwango cha chuma. Vanadi, kinyume chake, hukaa na mpangilio mmoja mpaka inapoyeyuka. Aloi ya titani inayotumika zaidi katika injini za ndege na viungo bandia vya nyonga ina sehemu 6 kwa mia za alumini na 4 za vanadi, na kazi ya vanadi humo ni kuizuia sehemu ya titani isiache, hata ikipoa, ule mpangilio ambao ikiwa safi huupata motoni tu.